Mgeni Rasmi wa Daraja la Bondeni

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Tuelewane hapo kwanza, ili mtu asije akaniita ofisini. Haina bendera mnayoijua, haina wimbo mnaouimba, na ukiona jambo lolote humu linafanana na jambo la mtaani kwenu, ujue ni macho yako yamechoka. Kanawe uso, urudi tuendelee.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna mji unaitwa Tutafika. Ndimo ninamokaa, upande wa Bondeni, mimi na mume wangu anayesukuma mkokoteni sokoni, na binti yetu Siwema, ambaye wakati wa mambo haya alikuwa ametimiza miezi tisa na meno mawili.

Sitaki mtu adhani nalalamika. Halmashauri yetu ya mji ni ya haki, na haki yake inaonekana kwa macho. Kila kitu hugawanywa sawa kati ya Mlimani, wanakokaa wakubwa, na Bondeni, tunakokaa sisi. Zilipokuja taa za barabarani, Mlimani walipewa taa, sisi tukapewa mabango yanayosema taa zinakuja. Yalipokuja magari ya taka, Mlimani walipewa magari, sisi tukapewa taka. Mwaka jana walipanda maua kwenye mzunguko wa barabara kule juu, yakawa yanamwagiliwa asubuhi na jioni. Na kwa kuwa maji hufuata mteremko, halmashauri ikaandika kwenye taarifa yake kwamba Bondeni nako kumefikiwa na maji.

Kati yetu na zahanati pana korongo. Kiangazi ni mawe na chupa zilizovunjika. Masika ni maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na kila kitu ambacho Mlimani hawakitaki. Kuzunguka kwa barabara kuu inawezekana, ila nauli yake ni chakula cha siku mbili. Kwa hiyo kila Jumanne, siku ya chanjo, wanawake wa Bondeni hupandisha khanga magotini, watoto mgongoni, na kuvuka.

Tuliomba daraja kwa miaka sita. Mwaka wa saba surua ikaingia mjini, ikaanza kutajwa redioni, na halmashauri ikaogopa kutajwa pamoja nayo. Daraja likajengwa.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa ametoka mbali, hakujua desturi zetu, akafanya kosa kubwa: akamaliza. Mwezi haukuisha, daraja limesimama, lina mbao nene na vishikio pande zote mbili. Halmashauri ilishtuka sana. Fundi aliandikiwa barua ya onyo kwa kumaliza kazi kabla ya tarehe ya kukwama.

*

Jumanne ya kwanza nilimfunga Siwema mgongoni, nikachukua kadi yake ya kliniki, nikaenda nikiwa na furaha kama ninayekwenda harusini. Nikakuta utepe mwekundu umefungwa kwenye mdomo wa daraja, kifundo chake kikubwa kama kabichi. Kando yake, kwenye kiti cha plastiki, amekaa Afande Chaulo, mgambo wa halmashauri, mzee mwenye mvi nadhifu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi?"

"Kliniki. Huyu ana chanjo ya surua, ya miezi tisa."

"Vizuri. Surua si ya kuchezea. Basi shuka hapo kushoto, penye mawe. Maji leo ni ya magotini tu."

"Na hili daraja?"

Aligeuka akalitazama kwa mapenzi. "Zuri, eh?"

"Limekwisha?"

"Limekwisha."

"Lina nguvu?"

"Ng'ombe kumi wanapita, na mwenyewe nyuma yao."

"Sasa si nipite?"

"Halijazinduliwa."

"Likizinduliwa linaongezeka nini, afande?"

"Mwanangu, usiniulize mambo ya Mlimani. Mimi nimeambiwa hivi: wa kwanza kukanyaga ni mgeni rasmi. Ukikanyaga wewe, litakuwa limetumika. Utamleta Waziri mzima aje kuzindua mtumba?"

Nyuma yangu alikuwa amefika Mama Nyamizi, jirani yangu anayeuza vitumbua, na mjukuu wake mgongoni. Huyu mama ana mdomo ambao hata mumewe, Mungu amrehemu, aliuachia nafasi ya kukaa.

"Kwa hiyo sisi tupite chini?" akauliza.

"Chini hakuna kizuizi, Mama Nyamizi."

"Haya jamani, tusiwe watovu wa shukrani. Zamani tulivuka korongo juani. Leo tunavuka kivulini."

Tukashuka. Katikati, maji yakiwa magotini, nikainua macho nikaziona mbao za daraja letu kwa chini. Zilikuwa mbao nzuri kweli, zimepigwa randa. Sidhani kama kuna watu wengine duniani waliowahi kulifahamu daraja lao kwa upande ule.

Tulipofika zahanati chanjo zilikuwa zimekwisha. Waliokaa upande wa pili walikuwa wamewahi. Sista Auleria, muuguzi wa chanjo, alinihurumia. Alikuwa ameomba avuke mwenyewe na kisanduku chake cha barafu, atuchanjie nyumbani, akajibiwa kwamba dawa ya serikali hairuhusiwi kupita kwenye daraja ambalo serikali haijalitambua, na haiwezi kupita kwenye maji kwa sababu ni dawa ya serikali.

"Rudi Jumanne ijayo, mama," aliniambia. "Uwahi. Na usimchanganye na wenye homa."

Nikamwambia tutakuwa tumeshazinduliwa.

*

Hatukuzinduliwa. Lakini maandalizi yalifanyika, na mwenye macho aliyaona kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, maana serikali yetu ni ya uwazi, haifichi kitu inachojivunia.

Daraja lenyewe lilichukua mstari mmoja. Uzinduzi wa daraja ulichukua karatasi tatu, na jumla yake ingetosha kujenga madaraja mengine manne, kama tungekuwa na makorongo ya kutosha. Kulikuwa na zulia jekundu la kufunika mbao, ili mgeni rasmi asikanyage mbao. Kulikuwa na picha kubwa ya mbao, ili mgeni rasmi aonyeshwe mbao zilizo chini ya zulia. Kulikuwa na choo cha mgeni rasmi, cha vigae vyeupe, kilichojengwa kwetu Bondeni na kufungwa kwa kufuli. Kikawa choo pekee cha vigae upande wetu, na watoto walikuwa wakienda kukichungulia kwenye tundu la ufunguo. Na kulikuwa na mkasi wa rangi ya dhahabu, uliofuatwa nje ya nchi na ujumbe wa watu tisa. Walikaa siku kumi na mbili wakijifunza jinsi wenzetu wanavyokata. Walirudi na mkasi, suti, na ripoti, na ripoti ilisema wenzetu wanakata kwa mkono wa kulia.

Aliyealikwa alikuwa Waziri wa Uzinduzi na Uwekaji wa Mawe. Mara ya kwanza hakuweza kuja kwa kuwa alikuwa anazindua kalenda ya uzinduzi. Mara ya pili alipata mafua. Mara ya tatu alifika kweli, hadi Mlimani, akala chakula cha mchana, akajilaza kidogo. Alipoamka jua lilikuwa limezama, na daraja halizinduliwi gizani kwa sababu picha hazitoki.

Kila mara sisi wa Bondeni tuliambiwa tufagie, tuvae khanga za aina moja, tujipange na kushangilia. Kila mara tuliahirishwa. Na kila mara nilirudi nyumbani nikamshika Siwema paji la uso kwa mgongo wa mkono, kama nafanya mzaha, kumbe natafuta homa.

*

Basi nikaamua kwenda kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi. Halmashauri hukifanya kila baada ya miezi mitatu, kwenye ukumbi wenye feni juu na viti vya aina mbili: vya kunesa na vya kuvumilia.

Mlangoni nilipokelewa na Bwana Sengo, Afisa Itifaki wa halmashauri, kijana mwembamba mwenye tai na woga.

"Una swali au una pongezi?" aliniuliza.

"Swali."

"Maswali yanahitaji taarifa ya siku saba, kwa maandishi, nakala nne."

"Na pongezi?"

"Pongezi ni papo kwa papo."

Nikafikiri kidogo. "Basi nina pongezi."

Nikapewa kipaza sauti. Siwema akanivuta hereni, nikasema:

"Mstahiki Meya, naipongeza halmashauri kwa daraja zuri. Tunalipita chini kila Jumanne na halijatuangukia hata mara moja. Naipongeza kwa kuliwekea daraja mlinzi wa mchana na wa usiku, wakati zahanati nzima ina mlinzi mmoja naye ni mbwa. Naipongeza kwa choo cha vigae, ambacho kimekaa miezi miwili bila kuchafuka. Na naipongeza kwa haki, kwa kuwa surua ikija itatukuta sote tumengoja sawasawa."

Ukumbi ulipiga makofi. Wa viti vya kuvumilia walipiga kwa sababu yao, wa viti vya kunesa walipiga kwa kuwa walisikia neno pongezi mara nne. Mstahiki Meya Fungameza, mtu mkubwa mwenye mkufu wa cheo shingoni, alitoa leso akajifuta macho.

"Mama huyu amenigusa," alisema. "Katibu, hayo yaingie kwenye kumbukumbu kama yalivyo. Ndugu wananchi! Kuna wachache wanaonong'ona, 'tupite, tupite.' Nawauliza: kupita ni nini? Mbuzi anapita. Upepo unapita. Maendeleo si kupita. Maendeleo ni kupitishwa! Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apone kwanza, mgeni aje baadaye. Na sisi tunafuata sheria. Kanuni za Uzinduzi, kifungu cha nne: mgeni rasmi ni mtu yeyote aliyealikwa kwa barua yenye muhuri wa halmashauri, na akafika. Mheshimiwa Waziri ameshaalikwa. Bado kufika tu. Kwa hiyo ndugu zangu, nusu ya kazi imekwisha!"

Makofi tena. Mama Nyamizi, aliyekaa pembeni yangu na beseni lake la vitumbua mapajani, akaniinamia sikioni.

"Umemsikia? Amesema mtu yeyote."

"Nimemsikia."

"Hakusema waziri."

*

Wiki ile surua ilichukua watoto wawili wa Bondeni. Mmoja alikuwa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anaitwa Jokha, ana mwaka na miezi minne. Alikuwa akicheza na Siwema kwenye mkeka mmoja, wakinyang'anyana kifuniko cha sufuria. Hapa sina mzaha wowote wa kuweka. Mama yake alinirudishia kile kifuniko, akasema, "Ni chenu hiki," na mimi nikakipokea kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

Mvua nazo zikaanza. Jumanne ile maji yalikuwa ya kiunoni, yanavuma. Tulisimama ukingoni wanawake zaidi ya mia, watoto migongoni, tukiitazama zahanati ile pale, dirisha lake liko wazi, Sista Auleria anatupungia mkono. Hakuna aliyeshuka.

"Afande," nilimwambia Mzee Chaulo, "hivi leo nikikata huu utepe utanifanya nini?"

"Mimi? Sitakufanya kitu. Nitageuka nitazame kule." Akashusha pumzi. "Lakini Meya ameshasema, likitumika kabla ya kuzinduliwa atalivunja alijenge upya, ili apate jipya la kuzindua. Na unajua atalivunja. Kuvunja hakuhitaji mgeni."

Akavuta kiti chake karibu.

"Mwanangu, unaniona mimi mgambo. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa ofisi ile ile anayokaa Sengo. Mimi ndiye niliyekuwa Afisa Itifaki."

"Ikawaje?"

"Alikuja bwana mmoja kwenye hafla, amevaa kandambili, akaenda moja kwa moja kukaa meza kuu. Nikamfuata kwa adabu, nikamwuliza: 'Samahani, wewe ni nani?' Maneno hayo tu. Kumbe shemeji yake Waziri! Kesho yake nilikuwa na rungu na filimbi. Tangu siku ile, pale halmashauri hakuna anayethubutu kumwuliza mgeni yeyote yeye ni nani. Mtu akija na barua yenye muhuri, anapewa kiti. Hata akija na mkia."

Alisema hivyo akatazama pembeni, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Nikamtazama Siwema. Alikuwa anatafuna ncha ya khanga yangu.

*

Kwenye madarasa ya jioni nilisoma mambo mengi, mengine nimeshayasahau, lakini barua rasmi nilifundishwa na mwalimu aliyekuwa akikata alama kwa nukta. Nilikaa mezani Siwema akiwa amelala, nikaandika. Anuani mbili, kumbukumbu namba, tarehe. Yah: Mwaliko wa Kuwa Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Daraja la Bondeni. Nikaandika majina yote matatu ya mgeni, la kwake, la baba yake na la babu yake, na yalipokaa pamoja kwenye mstari mmoja, hata mimi niliyemzaa niliona kama ni mtu wa kuogopwa kidogo. Sikuandika uongo hata mmoja.

Bwana Sengo aliipokea kwa mikono miwili. Aliipima pambizo kwa rula. Akaangalia kumbukumbu namba, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika kwenye jina akatulia. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Mheshimiwa huyu," alisema polepole, "amethibitisha kufika?"

"Atafika. Jumanne, saa tatu asubuhi."

"Amethibitisha!" Akafumba macho kama mtu aliyepakwa mafuta kifuani. "Waziri hajawahi kuthibitisha hata siku moja. Nisaidie kujaza fomu basi. Mgeni rasmi hutumia chakula gani?"

"Uji mwepesi. Na maziwa."

"Tumbo, eh? Wakubwa wengi wana matumbo." Akaandika. "Anatembea mwenyewe?"

"Hapana, hubebwa."

Kalamu ikasimama. "Hubebwa! Waziri mwenyewe hajafika huko." Akaandika kwa herufi kubwa. "Je, huwa ana tabia ya kusinzia kwenye hafla?"

"Karibu kila hafla."

"Na akiamshwa?"

"Hukasirika sana."

"Basi ni mkubwa kweli kweli," alisema Bwana Sengo kwa sauti ya chini. Akauchukua muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga.

*

Jumanne saa tatu kasoro, upande wetu wa korongo kulikuwa na hema, zulia, picha ya mbao, brasi bendi ya halmashauri, na viongozi thelathini na wanne kwenye viti vya kunesa vilivyohamishwa kutoka ukumbini. Mvua ilikuwa imekata, jua limechomoza kwa hasira. Wanawake wa Bondeni walikuwa wamejipanga nyuma yangu, kila mmoja na mtoto wake, kila mmoja na kadi ya kliniki kifuani.

Nilikuja nimemvika Siwema gauni la njano na kofia ya kufuma. Bwana Sengo alinikimbilia, macho yakitafuta gari nyuma yangu.

"Mheshimiwa yuko wapi?"

"Huyu hapa," nikasema, nikamgeuza kutoka mgongoni hadi kifuani. Nikatoa barua.

Bwana Sengo aliitazama barua. Akautazama muhuri, ambao ulikuwa wake. Akamtazama Siwema, na Siwema akamtazama yeye bila kupepesa, kama afanyavyo kwa watu wote wenye tai. Mzee Chaulo alikuwa amesimama pale pale na rungu lake. Bwana Sengo alimtazama naye pia, akaona rungu, akaona filimbi, akaniinamia hadi tai yake ikagusa zulia.

"Karibu sana, Mheshimiwa."

Akaenda kumnong'oneza Meya. Mstahiki Meya alisimama, akaja hatua tatu, akasimama tena. Niliona swali lote likimpanda usoni, kuanzia kidevuni. Akalimeza.

"Ana... ana paji pana," alisema.

"Sana," akasema kiongozi mmoja nyuma yake. "Amefanana na nani vile?"

"Nyamaza!" mwingine akamkemea, akaonyesha kidole juu, huko kunakoonyeshwa kidole mtu asipotaka kutaja. "Huoni? Ni damu ya huko."

"Ni mtego," wa tatu akanong'ona. "Wanatupima adabu."

Uvumi ule ulipanda ngazi wenyewe kutoka kiti hadi kiti. Mimi sikusema neno. Amefanana na baba yake, na wakati ule baba yake alikuwa sokoni anasukuma magunia ya vitunguu.

Wimbo ukapigwa. Mkasi wa dhahabu ukaletwa kwenye sinia lenye kitambaa. Siwema aliutazama mkasi, akautazama utepe, akachagua utepe. Aliushika ncha kwa mikono miwili, akauvuta kuupeleka mdomoni, na kile kifundo kikubwa kama kabichi, ambacho watu tisa walikaa nje siku kumi na mbili wakitafuta mkasi wa kukikata, kikafunguka chenyewe.

Meya akapandisha mikono juu.

"Limezinduliwa!" alipiga kelele. "Kwa mtindo mpya! Bila gharama ya kukata!"

Bendi ikalipuka. Nikaweka mguu kwenye daraja. Nimekuwa nikisikia watu wakisema walitembea kama ndotoni. Mimi nilitembea kama mtu mwenye haraka, kwa sababu nilikuwa na haraka. Nyuma yangu kulikuwa na mvumo wa miguu ya kandambili juu ya zulia.

"Samahani," Bwana Sengo alisema akihema kando yangu, kipaza sauti kisicho na waya mkononi, "hawa wote ni msafara wa Mheshimiwa?"

"Wewe kaka," Mama Nyamizi akamjibu kabla yangu, "umewahi kumwona mkubwa anayesafiri peke yake?"

Akatupisha.

Sista Auleria alikuwa amesimama mlangoni na sindano tayari. Hakuuliza chochote, aliangalia kadi tu. Nikakaa kwenye benchi, nikampakata Siwema, nikamshika mkono wake mdogo, nikageuza uso ukutani kwa kuwa mimi ni mwoga wa sindano kuliko yeye. Bwana Sengo, ambaye kazi yake kwa mujibu wa ratiba ilikuwa kukiweka kipaza sauti mbele ya mdomo wa mgeni rasmi kuanzia uzinduzi hadi kuondoka, alikiweka.

Sindano ikaingia. Siwema akavuta pumzi ndefu, ndefu mno, ile ambayo kila mama anaijua, akalia.

Sauti ilivuka korongo kwa spika nne. Kule hemani vikasikika viti thelathini na vinne vikinesa kwa pamoja. Kupitia dirishani nilimwona Mstahiki Meya amesimama wima, kofia kifuani, na wenzake wote wamesimama naye, maana itifaki ya nchi ile hairuhusu mtu kukaa mgeni rasmi anapozungumza. Katibu wa halmashauri alikuwa anaandika kwa kasi. Nakala ya kumbukumbu hizo nimeiona. Inasema mgeni rasmi alizungumza kwa uchungu mkubwa kuhusu hali ya Bondeni, na kwamba Meya alimjibu kuwa yote yamepokelewa.

Nilimbembeleza Siwema, nikampa ziwa, akanyamaza. Kule ng'ambo Meya akapiga makofi, akaanza kukunja magoti akae.

"Wa pili," Sista Auleria aliita.

Mama Nyamizi akakaa na mjukuu wake. Mtoto akaiona sindano, akaanza kulia kabla haijamgusa. Bwana Sengo alimtazama, akanitazama mimi, akaitazama foleni iliyopita mlangoni, ikakata uwanja, ikafika hadi katikati ya daraja, watoto mia na sita, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwuliza yeye ni nani. Jasho likamtoka. Akasogeza kipaza sauti mbele ya mdomo wa yule mtoto.

Kule hemani, juani, wakubwa wote wakanyanyuka tena.